Syombua na Sufuria ya Maganda

Watu wa Voi wa miaka ile, wakitaka kumweleza mtu asiyekubali kushindwa na neno, walisema, "Huyo ni Syombua mtupu." Mwenyewe akisikia alifurahi kana kwamba amepewa zawadi. Alikuwa mwanamke wa Kikamba, mrefu, mwenye mwanya, na mikono isiyojua kutulia. Alikuja mjini akiwa bibi arusi wa Kituku, kibarua wa reli katika genge la kubadilisha mataruma yanayolala chini ya reli, aliyemtoa Ikutha, Kitui ya kusini, akamweka katika chumba kimoja cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizojipanga mstari karibu na stesheni. Waliishi humo kwa mapenzi na kelele nyingi, maana wote wawili walikuwa watu wa maneno. Mtoto hawakujaliwa. Halafu msimu mmoja wa mvua homa ikamchukua Kituku, na Syombua akabaki na kitanda, sufuria zake na jina la mjane, jina ambalo hakulipenda hata kidogo.

Kwao Ikutha walitaka arudi. Kaka yake, Nzomo, alituma salamu kila alipopata mtu wa kupanda treni Kibwezi: mama anauliza, unakuja lini? Syombua alijibu kwamba anakuja, kisha hakuenda. Si kwamba hakuwapenda. Aliipenda Voi, basi, na mtu akipenda mahali hana haja ya kujieleza sana. Alipenda kuamshwa na injini zikipumua, alipenda kumuuliza mtu habari za Mombasa akiwa ametoka huko asubuhi hiyo hiyo. Na zaidi ya hayo alikuwa amepata kazi, na kazi ilimkaa kama nguo aliyoshonewa yeye.

Kiwanda chenyewe, tusikitukuze bure, kilikuwa banda la mabati lenye dohani moja, upande wa pili wa reli. Mwenyewe alikuwa Mhindi mmoja mfupi, mpole, mwenye wasiwasi wa kudumu, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri kama walivyoitwa waajiri wote. Humo walikamua machungwa yaliyokuja kwa treni kutoka Taveta wakatengeneza sharubati, na walipika jamu ya mapapai yaliyolimwa kando ya Mto Voi. Sharubati ilikuwa haina matatizo. Matatizo yote ya dunia yalikuwa kwenye jamu.

Papai, kwa wasiolijua jikoni, ni tunda tamu lisilo na msimamo. Ukilipika na sukari mpaka uchoke halitaganda, litabaki uji tu. Linataka kutiwa pektini, ile gundi ya asili inayoifanya jamu isimame juu ya mkate badala ya kuteremkia kwenye kiwiko cha mlaji. Pektini hiyo Tajiri aliinunua Ulaya, unga mweupe ndani ya mikebe. Sasa mwishoni mwa mwaka wa hamsini na sita Mfereji wa Suez ukafungwa kwa ajili ya vita, meli zikawa zinazunguka Afrika nzima kwa chini, na mikebe ya Tajiri ikawa huko kwenye mawimbi, hakuna ajuaye wapi. Mapapai hayakungoja vita viishe. Yaliendelea kuiva.

Hapo ndipo Elijah alipopata siku zake. Elijah alikuwa kijana wa Kitaita, mtu wa milimani, aliyesomea kemia chuoni Uganda akarudi na koti jeupe. Kwa sababu ya koti hilo wafanyakazi walimwita Daktari, na kina mama wengine walifika mpaka kumletea watoto wenye kikohozi. Kazi yake ilikuwa kupima ukali wa sharubati, kazi isiyomtosha mtu mwenye moto kama ule. Aliposikia habari za mikebe alisimama juu ya kreti akawaambia wanawake wote wa banda la kumenya kwamba pektini wanayoingoja kutoka Ulaya wanaitupa wenyewe kila jioni.

"Iko ndani ya maganda!" alisema, akiinua ganda la chungwa. "Hii sehemu nyeupe, hii sponji, ndiyo yenyewe. Imejifunga humo ndani na haitoki kwa maji matupu. Lakini tukiitia katika maji ya moto yenye asidi, itaachia."

"Asidi gani, Daktari?" akauliza Wakesho, msimamizi wa wamenyaji, Mtaita mwenzake, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Isije ikatutoboa matumbo."

Asidi waliyokuwa nayo ilikuwa ile ile ya kuikolezea sharubati ukali, asidi ya fosforiki, nzito kama asali na isiyo na rangi, ndani ya chupa kubwa la kioo lililovalishwa kapu. Ikiwa nzito hivyo inachoma ngozi, lakini ikiingizwa kwenye maji mengi inabaki kuwa ukali tu wa kinywani, kama wa ndimu. Elijah aliwafundisha sheria ya kwanza: asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe maji yasiingie kwenye asidi. Kisha akatafuta mtu wa kusimama kwenye sufuria. Ilitakiwa mikono mitulivu isiyomwaga, na ajabu ni kwamba mikono ya Syombua isiyojua kutulia ikiwa mitupu ilitulia kabisa ikishika kitu. Akachaguliwa yeye. Wakesho, ambaye hakutaka hata kulikaribia chupa lile, aliushangilia uchaguzi huo kuliko wote.

Kabla ya kuanza Syombua alitaka kujua anashika nini. Elijah akamweleza, na kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri hakumficha kitu. Alisema asidi nyingine zina kitu kimoja tu cha kutoa, yaani chembe moja ya ukali, lakini hii ina vitatu. Cha kwanza inakitoa upesi. Cha pili inakitoa ikilazimishwa. Cha tatu ni vita.

"Nimeelewa," Syombua alisema. "Ni kama mwanamke mwenye leso tatu. Moja ataniazima nikiomba vizuri. Ya pili ataniuliza maswali mengi. Ya tatu ni ile aliyovaa."

Elijah alicheka mpaka akaegemea mlango. "Ndivyo hasa. Na sisi kazi yetu yote ni ile leso ya kwanza. Ndiyo inayofungua ganda."

Walikata maganda vipande vidogo, wakayaosha, wakayaweka kwenye sufuria kubwa ya enameli yenye maji ya kisima cha kiwandani, wakatia asidi kwa vijiko kama kitabu cha Elijah kilivyoagiza. Karatasi za kupimia, zile zinazobadilika rangi kuonyesha asidi imekolea kiasi gani, zilikuwa zimekwisha, na nyingine zilikuwa kwenye meli ile ile ya mikebe. Kwa hiyo waliamini kitabu. Syombua akakoroga kwa moto mdogo mpaka mkono ukaingia ganzi, wakachuja kwa kitambaa cha marekani, na Elijah akatia kijiko cha mchuzi ule kwenye glasi yenye spiriti. Pektini ikiwepo, spiriti huikusanya ikawa donge moja la kuteleza, unaweza kulinyanyua kwa uma. Wote waliinama kwenye glasi. Walichoona ni vinyuzi vichache vilivyozunguka na kupotea.

Tajiri naye aliinama akaona. Hakuwa mtu wa kufoka. Alifuta miwani yake kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba anasikitika, lakini kama jamu haitaganda kufikia mwisho wa juma, atafunga upande wa jamu mpaka meli zirudi, na wale walioajiriwa mwisho itabidi wapumzike kwanza. Aliyeajiriwa mwisho kuliko wote alikuwa Syombua.

Na kama vile mambo yalikuwa yamepangana, jioni ile ile mtu wa treni ya kutoka juu, upande wa Kibwezi, akaleta salamu. Safari hii Nzomo hakuuliza lini. Alisema anakuja mwenyewe Jumamosi kumchukua dada yake. Reli nao walikwisha kumwambia kwamba chumba cha landhi kinahitajika, kuna kibarua mpya mwenye familia. Mfanyakazi wa kudumu wa kiwanda angepewa chumba kule nyuma ya ghala. Syombua alikuwa bado kwenye majaribio. Alijua hesabu ilivyokaa bila kuhesabiwa na mtu: jamu ikiganda, anabaki Voi, isipoganda, Jumamosi anapanda treni na sufuria zake. Alilia kidogo, akajikasirikia kwa kulia, akalala.

Kesho yake walijaribu tena. Elijah aliongeza muda wa moto, akaongeza asidi kidogo kwa kubana, maana chupa lilikuwa linakaribia mwisho na sharubati nayo ilikuwa inaidai. Baadaye akaitwa ofisini na Tajiri. Syombua akabaki peke yake na maganda, akiyabonyeza kwa mwiko, na maganda yakimrudishia ugumu wao bila aibu. Sasa, mwanamke wa Kikamba akikutana na kitu kigumu sufuriani, hana haja ya kitabu. Mahindi na maharagwe ya isyo yakikataa kuiva, unatia magadi, yanalainika, mambo yamekwisha. Alikuwa na bonge zuri la magadi amelifunga kwenye pindo la leso, alilonunua sokoni asubuhi kwa ajili ya chakula chake cha jioni. Aliangalia mlangoni. Aliangalia maganda. Akafungua fundo, akatumbukiza bonge lote.

Sufuria ilinguruma. Povu likapanda, jeupe, jepesi, likafika ukingoni, likamwagika, likauzima moto na kuendelea, likatembea sakafuni likiwa limebeba vipande vya maganda kama abiria. Wakesho alipiga yowe lililosikika stesheni, akapanda juu ya magunia ya sukari na unene wake wote. Wanawake wa kumenya walikuja mbio wakakuta Syombua amesimama katikati ya povu, mwiko mkononi, akisema, "Tulia! Tulia basi!" kama anayemsemesha punda.

Elijah aliingia na koti likipepea. Alitazama, akanusa, akaokota kipande kilichobaki cha magadi.

"Dada Syombua. Umetia magadi?"

"Yalikuwa magumu," Syombua alisema. Hakukuwa na la kuficha, povu lilikuwa limekwisha kumfika magotini.

Kwa muda hakuna aliyejua kama Daktari atalia au atacheka. Koti lake lilianza kutikisika kwanza, kisha mabega, na mwisho akakaa chini kwenye maji ya maganda akacheka mpaka machozi. Hapo banda zima likalipuka. Wakesho juu ya magunia alisema Wakamba wangetia magadi hata kwenye chai ya askofu, na Syombua akamjibu kwamba Mtaita anayekimbilia sukari akiona povu naye ana lake la kueleza mbele ya Mungu.

Lakini kicheko kilipokwisha, hasara ilikuwa pale pale. Elijah alimweleza bila ukali: magadi na asidi ni mahasimu, yakikutana yanamalizana, na lile povu ni hewa inayotoka kwenye ugomvi wao. Leso ya kwanza imenyakuliwa na magadi, na ya pili pia. Ganda halikupata kitu. Asidi iliyobaki chupani inatosha jaribio moja tu la haki. Syombua alichukua kitambaa akaanza kufuta.

Akifuta meza alisogeza birika la chai la wafanyakazi. Kila birika la Voi lilikuwa na ukoko mweupe ndani na mdomoni, ukoko mgumu kama chokaa, unaokwangua lakini hauishi. Kitambaa chake kilikuwa bado kimelowa asidi iliyomwagika wakati wa kupima. Kilipogusa mdomo wa birika, akasikia sauti ndogo, chwii. Akainama. Juu ya ukoko vipovu vidogo vidogo vilikuwa vinachemka.

"Daktari," aliita taratibu. "Njoo. Birika nalo limekula magadi."

Elijah alikuja akatazama. Akachovya kitambaa tena, akagusa, vipovu vikatoka. Akasimama wima, akajipiga paji la uso kwa kiganja, na uso wake wote ukafunguka.

"Ni maji!" alisema. "Maji ya kisima! Huu ukoko umetoka kwenye maji. Yana chokaa, na chokaa inakula asidi kama magadi, ila kimya kimya, kidogo kidogo. Kitabu kimeandikwa kwa maji ya kwao, si kwa maji ya Voi. Tangu jana ganda linapewa mabaki!"

"Basi tutafute maji yasiyo na ukoko," akasema Syombua.

"Hata mwaka mzima, birika la kwetu Wundanyi halishiki ukoko," Wakesho alisema kutoka juu ya magunia, ambako alikuwa hajashuka bado. "Maji ya mlimani ni maji. Haya yenu ya huku chini ni mawe yaliyoyeyuka."

Hivyo ndivyo Syombua alivyopanda lori siku ya Ijumaa alfajiri, na mapipa matupu ya sharubati nyuma, kando ya Mwandawiro, dereva aliyeteremsha matunda na mboga kutoka milimani. Elijah alibaki kumtuliza Tajiri. Mwandawiro alikuwa mtu wa maneno machache, na kufika Mraru alikuwa amekwisha kujua habari zote za Ikutha bila kuuliza hata moja. Baada ya Mwatate barabara ilianza kupanda na kujikunja, joto likabaki chini, na Syombua akajifunga leso ya pili mabegani, huku akitazama migomba iliyosimama kwenye miteremko kana kwamba imebandikwa. Miaka yote ya Voi alikuwa ameitazama milima hiyo kwa mbali. Hakuwahi kuwa na sababu ya kupanda.

Mwandawiro alisimamisha lori mahali kijito kilipopita kando ya barabara. Maji yalikuwa yanateremka yenyewe, safi, yakiongea na mawe, na hakuna mtu aliyeyashughulikia. Bibi mmoja aliyavuka akiwa na mzigo wa majani bila hata kuyatazama. Syombua alisimama. Kwao Ikutha, kiangazi, wanawake huchimba mchanga wa mto mkavu mpaka shimo liwazidi kimo, kisha hukaa wakingoja maji yajikusanye kibuyu kwa kibuyu.

"Haya maji ni ya nani?" aliuliza.

"Ya nani vipi?" Mwandawiro alisema. "Ni maji tu."

Syombua alipiga magoti akatia mikono mpaka kwenye viwiko. Yalikuwa baridi ya kuuma. Alinawa uso, akanywa, akanawa tena, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka kwa furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumweleza ila Mwandawiro, na Mwandawiro kwa adabu alikuwa amegeuka kukagua magurudumu.

Walipokuwa wakijaza mapipa kwa ndoo, wanawake wa pale walikuja kuona. Mmoja wao alikuwa Priscilla, dada yake Wakesho, mwenye sauti ile ile lakini mwembamba.

"Mama, umetoka Voi kuja kununua maji?"

"Kununua? Nimekuja kuomba. Na kama mnanyima, nitaiba."

"Mkamba huyu ana maneno!" Priscilla alisema kwa furaha, akashika ndoo. Wenzake nao wakashika. Kwa kufumba na kufumbua mapipa yalijaa. Hawakumruhusu aondoke kabla hajala, wakamwekea kimanga cha mihogo na maharagwe kilichopondwa vizuri, nao wakakaa wakimwuliza habari ya povu, maana hadithi ilikuwa imekwisha kumtangulia kwa njia ambayo mpaka leo haijulikani. Aliisimulia kwa mikono yote miwili. Alipofika kwa Wakesho na magunia, Priscilla alilazimika kushikiliwa.

Jumamosi asubuhi banda lote lilikuwa kimya, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu lijengwe. Syombua alimimina maji ya Wundanyi kwenye sufuria. Alichukua asidi iliyobaki akaanza kuitia kwenye maji polepole, kijiko baada ya kijiko, na safari hii alipochovya ncha ya kidole na kuonja, ukali ulimkamata ulimi ukamfumbisha macho kabla hata chupa halijaisha, maana maji haya hayakuwa na chokaa ya kuila asidi. Akatia maganda. Moto ukawekwa mdogo, maji yatetemeke tu yasichemke, na yeye akakoroga. Aliambiwa apumzike akakataa. Taratibu maganda yakaanza kuwa laini chini ya mwiko, na maji yakaanza kuwa mazito, yakiteleza, yaking'aa kama ute wa bamia.

Wakachuja. Elijah akamimina spiriti kwenye glasi. Kijiko kimoja. Mchuzi uliingia, ukatulia, ukajikunja, ukajikusanya katikati. Elijah akatia uma akainua. Donge zima lilikuja juu, likaning'inia, halikukatika.

Wakesho alipiga kigelegele. Tajiri alivua miwani akasahau kuivaa, akawa anaipongeza nguzo ya banda. Elijah alimshika Syombua mikono yote miwili akamzungusha, koti na leso vikapepea pamoja.

Walipika mapapai na sukari na pektini yao wenyewe. Syombua aliweka tone la jamu kwenye sahani iliyopoozwa ndani ya mtungi, akalisukuma kwa kidole. Lilikunja uso kama mzee aliyeamshwa. Lilikuwa limeshika. Tajiri alisema palepale, mbele ya watu wote, kwamba Syombua si wa majaribio tena, na chumba cha nyuma ya ghala kifagiliwe.

Treni ya kutoka juu ilikuwa imeingia wakati wao wakishangilia, na hakuna aliyeisikia. Nzomo aliuliza njia mpaka akafika mlangoni, mtu mpole mwenye vumbi la Kibwezi, kofia mkononi. Syombua alimwona, akamkimbilia, akamshika shingoni. Alimkalisha kwenye benchi la nje, akamletea chai, mkate, na chupa ya jamu iliyokwisha kupoa. Nzomo aliishika, akaiinamisha, akaipindua kabisa kichwa chini. Jamu ilikaa mahali pake.

"Imefanyaje?" aliuliza.

"Ni maganda," alisema Syombua. "Nitakueleza."

Nzomo aliiweka chupa chini. Alimtazama dada yake usoni, na ilionekana amebeba maneno haya njia nzima.

"Mwiitu wa mwaitu," alisema, binti ya mama yangu, "sikuja kwa ubaya. Mama hapati usingizi. Anasema umekaa huku peke yako, huna mtu."

Syombua alivuta pumzi. Jibu alikuwa nalo, refu, zuri, alilolipanga tangu siku ile salamu zilipofika, lenye habari za Kituku, na za kazi, na za maisha yake kuwa yake. Alifungua kinywa.

"Wewe Syombua!" Wakesho aliita kutoka ndani. "Sufuria ya pili inangoja nani? Hilo chupa mimi siligusi hata nikilipwa dhahabu!"

"Dada, maji yamepata moto!" Elijah naye aliita.

"Syombua!" wakadakia wamenyaji. "Njoo uone kama hivi tumekata sawa!"

"Kula kwanza," Syombua alimwambia kaka yake, tayari amesimama, tayari anakaza leso kiunoni. "Nikitoka nitakujibu."

Hakutoka. Nzomo alikaa kwenye benchi akala mkate na jamu, kisha akala tena. Alimsikia dada yake ndani akitoa amri, akitaniwa, akirudisha utani, akiitwa huku na akiitwa kule, na kila mara jina lake likitajwa na sauti nyingine. Jua lilipopungua aliingia kumuaga, akamkuta hawezi kuacha mwiko, wakaagana hivyo hivyo kwa kuegemezana mabega. Alipanda treni ya jioni peke yake.

Mama yao alikuwa anangoja kibarazani huko Ikutha. Alipomwona Nzomo anakuja bila mtu nyuma yake, alisimama.

"Umemwacha? Umemwacha peke yake kule?"

"Mama," Nzomo alisema, "nimekaa naye kutwa, na sikupata nafasi ya kuzungumza naye. Wanamwita kila saa."